Kompyuta ya Kuzamia: Ya Mkononi au ya Konsoli? Tathmini kwa Wanaozamia Malindi

Kompyuta ya kuzamia hupima kina na muda, na kuhesabu nitrojeni inayoingia mwilini chini ya maji, ili mzamiaji ajue akae kwa muda gani na apande vipi bila kudhurika. Anayenunua ya kwanza hapa Malindi tunamshauri achukue ya kuvaa mkononi, na geji ya presha ya mshale, inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, aiache kwenye hozi yake kama ilivyo. Ya konsoli, yaani iliyofungwa mwishoni mwa hozi hiyo, nayo ina kazi yake, ila kazi hiyo iko kwenye seti za kukodisha kuliko kwenye begi la mtu binafsi. Tumeitazama hoja hii kwa modeli tatu za bei nafuu zinazouzwa kwa maumbo yote mawili, yaani Suunto Zoop Novo, Cressi Leonardo na Mares Puck Pro, kisha tukazilinganisha na Shearwater Peregrine na Perdix, ambazo ni za mkononi tu.

Lieleweke mapema kwamba Leonardo ya mkononi na Leonardo ya konsoli ni mashine moja. Kihisi cha presha ya maji ni kilekile, hesabu ya nitrojeni ni ileile, hata kitufe chake kimoja ni kilekile. Kilichobadilika ni pale ilipofungwa: kwenye kifundo cha mkono, au ndani ya kibweta cha mpira mwishoni mwa hozi ya presha kubwa. Muuzaji akikwambia ya konsoli ina hesabu bora, au ya mkononi ina usahihi zaidi, mwombe akuonyeshe tofauti hiyo kwenye kitabu cha maelekezo. Hataiona.

Konsoli zenyewe si za aina moja, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kuna konsoli ambayo ni kibweta tu: ndani yake mna geji ya mshale, chini yake kompyuta, na pengine dira mgongoni. Kila kimoja kinajitegemea. Betri ya kompyuta ikifa ukiwa mita 18, mshale bado unakuonyesha hewa iliyobaki, nawe unapanda kwa utulivu. Aina ya pili ni ile ambayo hozi inaingia moja kwa moja ndani ya kompyuta, kama Suunto Cobra. Skrini moja inakupa kina, muda, presha ya mtungi, na hata makadirio ya dakika za hewa zilizobaki. Inapendeza sana mpaka siku betri au skrini itakapogoma, kwa sababu siku hiyo kina, muda na presha vinapotea kwa mpigo, na ukiipeleka kompyuta kwa fundi, regulata (kifaa cha kupumulia kinachofungwa mtungini) inabaki haina geji. Kwa mtu anayeishi Malindi, Watamu au Lamu, ambako matengenezo ya namna hiyo yana maana ya kutuma kifaa mbali na kusubiri, hii aina ya pili hatuipendekezi, hasa ikiwa imeshatumika.

Dakika mbili za kupanda

Chini, kwenye mwamba, konsoli haina shida. Unatazama matumbawe, unaivuta kidogo, unasoma, unaiachia. Taabu inaanza wakati wa kupanda, na huo ndio wakati unaoihitaji kompyuta kuliko wakati mwingine wowote. Mkono wa kushoto umeinua hozi ya jaketi, lile linalotiwa hewa ili uelee, nawe unatoa hewa hiyo, wa kulia umeshika kamba ya nanga au uzi wa boya. Konsoli inaning'inia nyongani. Ili uisome lazima uachie kimoja kati ya hivyo viwili, na ukiachia hozi ya jaketi hewa inatanuka huku wewe unapanda. Kompyuta ikiwa kwenye kifundo cha kushoto, mkono uleule unaotoa hewa ndio unaokuletea skrini mbele ya miwani.

Mwendo unaotakiwa na kompyuta nyingi ni mita 9 hadi 10 kwa dakika. Kutoka mita 20 hadi mita 5 ni kama dakika 1 na sekunde 40, kisha unasimama hapo dakika 3 ili nitrojeni iendelee kutoka mwilini. Mita za mwisho ndizo ngumu: kutoka mita 10 hadi juu presha inashuka kutoka bari 2 hadi bari 1, hivyo hewa iliyobaki ndani ya jaketi inakuwa maradufu. Asiyeiona namba ya kina kila sekunde chache anapita mita 5 bila kujua. Maji ya bamvu yakiwa yanatoka na mkondo unavuta, kusimama pale kunataka macho kwenye skrini muda wote. Malindi na Lamu hakuna chumba cha tiba ya presha, kile cha kumtibu aliyedhurika na nitrojeni, cha kukimbilia, kwa hiyo kupanda vibaya hapa ni jambo zito kuliko mahali ambapo hospitali yenye chumba hicho iko mtaa wa pili.

Rangi ya maji nayo inaingia kwenye hesabu. Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini ya mji, na kaskazi ikiingia mkondo unalisukuma tope hilo kusini kuelekea ghuba ya Malindi na hifadhi ya bahari. Mvua za vuli zikiwa zimenyesha bara, mwezi wa 11 na wa 12 unaweza kuzama kwenye maji ya hudhurungi ambamo mwenzako anaonekana kivuli. Kompyuta ya mkononi unaileta hadi kioo cha miwani. Konsoli yenye hozi ya kawaida, ya sentimita 80 hadi 90, utaileta pia, lakini ukiwa umeibandua kwenye klipu yake, na ukimaliza lazima uirudishe. Asiyeirudisha anaiburuta juu ya matumbawe. Malindi na Watamu ni hifadhi tangu 1968, na kibweta kizito kinachogonga mwamba kila mzamiaji anapoinama kutazama mkunga kinavunja matawi yaliyochukua miaka kukua. Anayebaki na konsoli tunamwomba aipitishe chini ya kwapa, aifunge kwa klipu kwenye pete ya kifuani, na akipata hozi ya sentimita 60 aitumie hiyo.

Wapo wanaosema kwa mbizi zetu za mita 10 hadi 25 kompyuta ni anasa, maana hewa inaisha kabla ya nitrojeni kuwa tatizo. Kwa mbizi ya kwanza wana sehemu ya ukweli. Mtungi wa alumini wa lita 11.1 uliojazwa bari 200, ukibakiza bari 50, una lita kama 1,665 za kutumia. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 20 anavuta 60, na hewa inampa takriban dakika 28. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, ambalo hutumika kupanga mbizi bila kompyuta, linamruhusu dakika 45 kwenye kina hicho. Lakini boti nyingi hupiga mbizi mbili asubuhi moja, na ile ya pili inaanza na nitrojeni ya ile ya kwanza bado mwilini. Tena jedwali linahesabu mbizi nzima kana kwamba ulikaa kwenye kina kikubwa kuliko vyote: ukigusa mita 25 kwa dakika 8 kisha ukapanda kwenye mita 12, jedwali linakukatia dakika 29 palepale. Kompyuta inahesabu pale ulipo kwa wakati huo, na kwa miamba yetu inayoteremka polepole hilo ni jambo kubwa.

Kwa nini vituo vya kuzamia vinapenda konsoli, na hatari yake

Mwenye kituo ana sababu nzuri. Konsoli haisahauliki benchi, haichomoki mkononi mgeni anapojibwaga kinyumenyume kutoka ukingoni mwa boti, na hairudi hotelini ndani ya begi la mtu. Dira iko palepale. Namba za Puck na Zoop ni kubwa, zinasomeka hata na mgeni ambaye macho yake ya karibu yamepungua nguvu.

Hatari ni kwamba kompyuta inakumbuka mbizi za regulata, haimkumbuki mtu. Mgeni akipiga mbizi ya kwanza na seti namba 4, halafu mdomo wa regulata ukaanza kuvuja akapewa namba 7 kwa mbizi ya pili, kompyuta ya namba 7 inamwona ni mtu aliyelala nyumbani siku nzima. Itampa dakika nyingi kuliko anazostahili. Kinyume chake, kompyuta iliyobeba nitrojeni ya mtu mwingine itambania muda, jambo linaloudhi lakini halidhuru. Kwa hiyo andika namba kwenye kila seti, na mtu abaki na namba yake siku zote anazozamia. Seti ikiharibika katikati, ondoa kidude cha kompyuta kwenye kibweta chake: Leonardo na Puck zinatoka kwa kusukumwa kutoka nyuma, mpira ukiwa umelowa maji. Kihamishie kwenye seti mpya. Konsoli ya aina ya Cobra haihamishiki hivyo, na mgeni huyo mbizi yake ya pili ipangwe kwa jedwali au iahirishwe.

Jambo jingine la kukagua kwenye kompyuta ya kukodi, iwe ya mkononi au ya konsoli, ni asilimia ya oksijeni. Aliyeitumia jana kwa nitroksi ya 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, anaweza kuwa ameiacha hapo. Ukizama na hewa ya kawaida huku kompyuta ikidhani ni 32, itakupa dakika ambazo huna. Iweke 21, ya hewa ya kawaida, wewe mwenyewe kabla ya kupanda boti.

Mahali zinapoharibika

Konsoli ina kiungo dhaifu ambacho ya mkononi haina: pale geji inapoungana na hozi. Ndani yake mna kipini kidogo cha shaba kinachozunguka, chenye oringi (pete za mpira za kuziba) mbili ndogo za namba 003. Watu wanaisokota konsoli ili waisome huku mtungi umefunguliwa, na oringi zinasagwa zikiwa chini ya bari 200. Dalili ni viputo vyembamba vinavyotoka shingoni mwa geji. Havitamaliza mtungi upesi, kwa kuwa hozi ya presha kubwa ina tundu dogo sana upande wa regulata, lakini vitaongezeka kila siku. Funga mtungi, toa hewa yote, ishike geji kwa spana moja na nati ya hozi kwa nyingine, fungua, badilisha oringi zote mbili pamoja na kipini kama kina mikwaruzo, paka silikoni kiasi cha kung'arisha tu, rudisha. Usikaze kwa nguvu. Oringi ndiyo inayoziba, uzi wa nati haufanyi kazi hiyo. Na kuanzia siku hiyo inua konsoli bila kuisokota.

Kibweta chenyewe kinaficha chumvi. Nje kinang'aa, ndani kuna ukoko mweupe unaokula mgongo wa geji na kukwamisha kitufe cha kompyuta. Kivue kila baada ya wiki chache za kazi, osha pande zote, kausha kivulini.

Ya mkononi inaharibikia mkandani. Suti ya mpira inabanwa na maji kadiri unavyoshuka, na mkanda uliokuwa umekaza juu ya boti unalegea mita 20 chini. Kwa suti zetu za milimita 3 tofauti ni ndogo, kwa ya milimita 5 kompyuta inageuka hadi chini ya mkono. Mikanda inayoshikwa kwa vipini vya springi kama saa inatukera zaidi, kwa sababu kipini kikila kutu kinaachia bila onyo. Dawa nzuri ni kamba za mpira za kunyumbuka, mbili, kila moja ikiwa na fundo lake: moja ikikatika, nyingine inashika. Peregrine na Perdix zina matundu ya kamba hizo, na kwa Leonardo, Zoop na Puck vinauzwa vishikizo vya kuzifunga.

Kuhusu dira: anayehama kutoka konsoli anaipoteza, kwa hiyo anunue ya kuvaa mkono wa pili au kompyuta yenye dira ya kielektroniki, kama Perdix. Dira ya sindano iliyosawazishwa kwa Ulaya huinama na kukwama ikiletwa karibu na ikweta, nasi tuko nyuzi 3 tu kusini yake. Tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa dunia nzima.

Transmita inayotuma presha ya mtungi kwenye kifundo cha mkono ni nyongeza nzuri, na ndiyo inayoondoa hoja ya mwisho ya konsoli. Hata hivyo geji ya mshale ibaki. Regulata nyingi zina matundu mawili ya presha kubwa. Moja la transmita, jingine la geji. Mawimbi yake yanafika kama mita moja hivi majini, basi kompyuta ivaliwe upande ule ule wa transmita, na ukipiga picha usishangae namba ya presha kupotea kidogo taa ya kamera inapojichaji. Na waambie mabaharia wasibebe mtungi kwa kuishika transmita kana kwamba ni mpini; inavunjikia shingoni.

Modeli moja moja

Leonardo ndiyo tungempa anayeanza na fedha chache. Kitufe kimoja, namba kubwa, nitroksi hadi 50, na mfuniko wa betri unafunguka kwa sarafu. Puck Pro iko karibu nayo sana, chagua ile unayopata betri na mkanda wake kwa urahisi. Zoop Novo ina vitufe vinne na ni rahisi zaidi kupanga kabla ya mbizi, ila inabana muda kwa wanaopiga mbizi tatu kwa siku au wanaopanda na kushuka ovyo. Kwa mtembezaji wa wageni, ambaye analazimika kupanda kumfuata mtu kisha kushuka tena, ukali huo unachosha, lakini unamlinda yule yule ambaye mwili wake unachoka kuliko wa mgeni. Zote tatu zina ngazi za tahadhari kutoka 0 hadi 2, na namba ikipanda muda unabanwa zaidi. Kwa anayefanya kazi ya kuzamia kila siku tunapendekeza 1. Ukiwa na mwenzako mwenye kompyuta tofauti, mfuate yule ambaye kompyuta yake inabana zaidi.

Ujue pia zinavyoadhibu. Ukiruka kusimama kwa lazima, pale kompyuta inapokuamuru usimame kabla ya kufika juu, hizi za bei nafuu hujifunga saa 24 hadi 48 na kubaki kuonyesha kina na muda tu. Za Shearwater hazijifungi. Zinakuonya na kuendelea kuhesabu, na uamuzi unabaki kwako.

Peregrine ina skrini ya rangi ambayo kwenye maji ya Sabaki haina mpinzani hapa. Hesabu yake ya nitrojeni ni ya fomula ya Bühlmann ZHL-16C, na unachagua ngazi ya tahadhari kati ya 45/95, 40/85 na 35/75, namba ndogo zikiwa ndizo zinazobana zaidi. Kwa mbizi za kila siku chukua ya katikati. Inachajiwa kwa kuwekwa juu ya kitako cha chaja isiyo na waya, ya aina ileile ya simu. Peregrine ya kwanza haipokei transmita. Inayopokea ni Peregrine TX. Perdix ni ghali zaidi, lakini inatumia betri moja ya AA, ile ya tochi, inayopatikana hadi kwenye duka la kijijini. Kwa anayefanya kazi Lamu, Manda au Kiwayu, ambako umeme ni wa sola au jenereta na chaja ikiharibika ni safari, hilo linatosha kuhalalisha bei yake.

Leonardo hutumia CR2430, Zoop na Puck CR2450. Duka la simu litakupa CR2032, ambayo ni ndogo kwa kipenyo na unene. Usijaribu kuijazia karatasi. Agiza mbili mbili kutoka Mombasa pamoja na oringi ya mfuniko, maana betri mpya inataka oringi mpya. Badilisha ukiwa umepumzika saa 24 bila kuzama, kwani kwa modeli nyingi kutoa betri kunafuta hesabu ya nitrojeni. Unywele mmoja au chembe ya mchanga kwenye mfereji wa oringi unatosha kuingiza maji.

Maji ya kuoshea yana maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Visima vingi vya mwambao vina chumvi, na kompyuta iliyooshwa kwa maji hayo inakauka na ukoko uleule. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba, sugua sehemu za chuma kwa mswaki laini, bonyeza vitufe ikiwa ndani ya maji, kisha kausha. Zoop hujiwasha ikihisi unyevu, na ikiachwa na chumvi kwenye vihisi hivyo inabaki macho ikila betri. Usiiache juani kwenye sitaha.

Alama ya ndege kwenye skrini, inayokukataza kupanda juu angani ukiwa bado na nitrojeni mwilini, iheshimiwe. Baada ya mbizi kadhaa ngoja saa 18, baada ya moja saa 12. Ndege ndogo zinazotoka Malindi na Manda zipo zisizo na presha ndani, na basi la Nairobi nalo linakupandisha hadi kama mita 1,700 juu ya bahari. Ukizama asubuhi, usipande basi la usiku.

Ukinunua iliyotumika kutoka kwa mgeni au mwalimu anayeondoka, ifunge pamoja na kompyuta nyingine inayoaminika kwenye kamba moja yenye uzito wa risasi, ishushe mita 10, uiache dakika chache, kisha usome kina kikubwa kuliko vyote kwenye kumbukumbu za zote mbili. Tofauti ikizidi nusu mita, iache. Fungua mfuniko wa betri utazame nyuzi zake na rangi ya kijani ya kutu. Kwa ya konsoli, iunge kwenye mtungi uliojaa, linganisha geji na nyingine, tumbukiza shingo yake kwenye ndoo utazame viputo, kisha kunja hozi karibu na vifungo vyake vya chuma: ukiona mpasuko au uvimbe, toa bei ya hozi mpya kwenye bei anayotaka.